Chumba cha Walimu, Gulu

Ociti alimimina chai, akasema:
mwaka wa kumi na tisa huu nafundisha udongo
na darasani sijawahi kuushika.

Lamunu hakucheka.
Alikuwa akisahihisha, karatasi mia mbili na arobaini,
majibu yote yamevaa sare.
Maneno yangu haya, alisema, mikato yangu,
hata lile kosa la ubaoni mwezi Machi
limerudi kwangu, limepigiwa mstari.

Nami nikakiri langu.
Huuliza, "Mmeelewa?"
wao huitikia ndiyo, nami hufunga daftari
kama mwenye duka aliyepokea noti bandia
naye anajua.

Umeme ukakatika. Hatukuinuka.
Ociti akatoa mfukoni kifuko cha nailoni:
udongo mwekundu, wa Pabbo.
Aber, yule wa kiti cha nyuma, asiyesema,
ameuchota shambani kwa mamake, akauliza
mbona muhogo huoza upande mmoja tu.

"Ukamjibu nini?"
"Sijui. Nilimwambia hivyo, sijui."
Akaunusa. "Jumatatu tunakwenda darasa zima,
yeye mbele."

Lamunu, gizani, kalamu bado mkononi,
akauliza nani atalipia mafuta.