Herufi Chini ya Nota

Oktoba, viti sabini na viwili.
Nina idadi kichwani kwa kuwa ndimi ninayevipanga.
Cha tatu mstari wa nne kina mguu wa kuyumba,
hukikalia mwenyewe Bwana Larter, mtunza hazina,
ili asipatikane wa kulalamika.

Kanisa hili la Aylsham lina karne zake,
mashine ya joto ina miaka arobaini,
na hiyo changa ndiyo inayokohoa.
Tunaizima dakika tano kabla ya fidla ya kwanza,
kisha baridi inaingia taratibu
kama mgeni aliyechelewa,
inatafuta pa kukaa magotini mwetu.

Desemba mwimbaji wa besi alikuja na mafua.
Aliimba tatu, ya nne ikamkwama kooni,
akaomba radhi, akaomba chai.
Nikampelekea. Akainywa palepale mbele,
sote tukimtazama anavyomeza,
na nasema kweli, usiku ule kilichonigusa
ni kikombe kurudi juu ya kisahani.

Januari, theluji. Tiketi kumi na tisa.
Paa linavuja upande wa kaskazini,
ndoo inapokea: so, so, so,
na kinanda kiko kwenye fa.
Nikacheka peke yangu.
Ningemwambia nani?

Maana mimi nota sisomi.
Kwangu ni njiti za kiberiti zilizokwisha kuwaka,
vichwa vyeusi, zimetupwa ovyo kwenye mistari.
Nilifundishwa Marangu, kwaya ya vijana,
ubaoni, kwa chaki: d, r, m,
nukta mbili, kistari, nukta,
na fimbo ya Mwalimu Elinami ikigonga meza
hadi vumbi la chaki linaruka kwa mapigo.

Machi, Kasisi Harriet akatangaza:
tamasha la kufunga msimu ni la kwaya ya mji,
na sauti ya pili imepungukiwa watu wawili.
Mama wa keki akasema, Ndeshi huimba akiosha vikombe.
Wakageuka wote.
Nikapewa kitabu kizito kama tofali.

Usiku nne, nikitoka zamu ya kulaza wazee,
nilikaa jikoni bado na viatu vya kazi,
simu ikinipigia sauti moja moja,
nami kwa penseli, chini ya kila njiti,
naiandikia herufi yake.

Mazoezini nikaufunika ukurasa kwa kiganja,
mtoto anayeficha majibu ya mtihani.
Maureen Tuddenham, miaka themanini na sita,
sauti ya pili tangu ujana wake,
akaninyanyua vidole, kimoja, kingine, kingine.
Akatazama. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Bibi yangu alisoma hivi," akasema.
"Kanisa dogo la matofali, njia ya Cawston.
Vibarua wa mashambani. Vitabu vya nota vilikuwa ghali."
Akaimba mstari wangu kutoka kwenye penseli yangu,
m, f, s, l, s,
sauti imechanika pembeni kama bahasha ya zamani,
lakini iko pale pale inapotakiwa.

"Nani aliwapelekea kule?"
"Sijui," nikamwambia. "Nilidhani ni za kwetu."
"Nami nilidhani tulizizika na bibi."

Tangu siku ile akakiacha kitabu chake nyumbani.
Anashika upande mmoja wa changu, nashika mwingine,
na anapolowesha kidole ndipo tunapofungua.

Mei, viti vyote vikajaa.
Alivipanga Bwana Larter, vibaya,
njia ya katikati imepinda kama mto Bure.
Tukaimba.
Ukurasa wa kumi na mmoja, ile siku ya usingizi,
niliandika la palipostahili so.
Sikuwa nimeliona hilo, wala yeye.
Tukaiimba la wawili sisi, kwa kifua kizima,
bila kupepesa jicho,
na mwongoza kwaya akainua kichwa ghafla
kama aliyeitwa jina kutoka mbali.