Ratiba ya Mayai

Miaka thelathini na moja niliandika kwa chaki
saa za treni kwenye ubao wa stesheni ya Tabora:
ya Mwanza, ya Kigoma, ya Mpanda,
na pembeni, kwa herufi ndogo, imechelewa.
Sasa nimestaafu. Nipo Isevya na friji bovu
lililokwisha kusahau baridi:
balbu mbili, kipimajoto, bakuli la maji,
na nyuzi thelathini na saba na nusu
ninazozilinda kuliko nilivyolinda mshahara.

Ya bata bukini kwanza; safari yake siku thelathini na tano.
Wiki ikapita, nikapandisha ya bata wa kawaida.
Kesho yake, ya kanga.
Siku ya kumi na nne, ya kuku wa Mama Kalunde,
na ya kumi na nane, ya kware, madoadoa,
madogo kama ndulele, yenye haraka ya siku kumi na saba.
Wote wafike Ijumaa moja, jukwaa moja.
Nikashika penseli niyatie alama: K ya kuku.
Nikakwama. Kanga naye K. Kware naye K.
Nyamizi mke wangu alicheka hadi akakaa chini:
"Huu ndio utaalamu wa reli?"

Mara tatu kwa siku nayageuza.
Usiku nayamulika kwa tochi, moja moja:
mishipa myembamba, katikati doa linalorukaruka.
Viza liko kimya, mwanga unapita tu
kama chumba ambacho mpangaji amehama.

Umeme ulikatika Jumanne, saa nane usiku.
Nyamizi, yule aliyecheka, ndiye aliyeamka,
akachemsha maji, akajaza chupa za soda,
akazifunga kwa kitenge cha harusi ya Mihambo.
Tukakaa mbele ya friji mpaka alfajiri
kama watu wenye mgonjwa.

Halafu kuna lile yai moja.
Sizya alilileta kutoka shamba la tumbaku,
amelikuta majanini, lina uvuguvugu, mama hayupo.
Rangi ya udongo uliolowa. Ndege gani? Hajui.
Limelaliwa siku ngapi? Hajui.
Abiria asiye na tiketi wala kituo.
Nikaliandikia alama ya kuuliza.

Kware walifika Alhamisi, hawajui ratiba.
Ijumaa kuku wakatoboa asubuhi;
kanga adhuhuri, hata hawajakauka wanakimbia;
bata wakaja jioni, wote wawili aina,
wakitafuta maji ambayo hakuna aliyewaonyesha.
Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, sawa.
Na mwana wa friji?
Walifuata buti zangu za reli, msururu,
kila niendapo, hadi chooni.

Jumatatu limebaki moja.
"Zima," akasema Nyamizi, "luku inakwisha."
Mimi nimewahi kusimama na taa ya mkono
nikingoja treni ambayo Urambo wameshaiaga
na Usoke hawajaiona.
Sikuzima.

Jana usiku alikwenda kunywa maji,
akarudi, akanishika mkono. Tukainama.
Ndani ya ganda kitu kiligonga. Kikapumzika.
Kikagonga.
"Karibu," alisema Nyamizi,
kwa mgeni ambaye bado hatujui
tumpikie nini.