Nukta ya Anansia

Mashamba kumi na tisa, kuanzia Uru hadi Kibosho,
nimeyapanda kwa miguu mwezi mzima, daftari limelowa manyunyu.
Mhimili wa chini, idadi ya migomba.
Mhimili wa kusimama, kilo za buni.
Sasa ni usiku, chumba cha kupanga, Majengo, Moshi,
kompyuta inaunguruma kama mashine ya kusaga
na nukta zimetawanyika kiooni
kama punje alizomwaga mtu mwenye haraka.

Naona mteremko. Naapa naona:
kivuli kikizidi, kahawa inazidi.
Lakini macho yangu yameajiriwa na tamaa yangu,
kwa hiyo naiuliza hesabu.

Uhusiano: sifuri nukta nne moja.
Pii: sifuri nukta sifuri nane.
Kizingiti ni sifuri nukta sifuri tano,
tulikiweka mapema, kabla ya kupanda mlima,
wakati uadilifu ulikuwa bure.

"Maana yake," namwambia dada yangu Ndeshi, anapasi sare,
"hata kama kivuli hakifanyi lolote,
mara nane katika mia sadfa peke yake ingeweza
kunichorea mteremko kama huu, au mkali zaidi."
"Nane tu? Mimi ningeshukuru Mungu, nikalale."

Ndipo nikamwona Anansia.
Kulia kabisa, chini, peke yake:
migomba mia na kumi, buni kilo thelathini.
Nikamfunika kwa kidole.
Nikamfuta, kidogo tu, kwa kuangalia,
na pii ikashuka hadi sifuri nukta sifuri tatu
kwa upole wa mlango uliotiwa mafuta.

Lakini nilikaa kwenye kigoda chake.
Alinipa kiburu cha moto kwenye bakuli la bati,
akanionyesha visiki vya mibuni aliyoikata mwenyewe:
"Kahawa inangoja bei. Watoto hawangoji."
Yeye hakukosea kuishi,
mimi sikukosea kuandika.

Nikamrudisha.
Nane nayo ikarudi, bila kinyongo.

Kwenye ripoti nimeandika: ushahidi hautoshi.
Sikuandika: uhusiano haupo.
Ni mambo mawili,
kama kubisha hodi usiitikiwe,
na kutangaza msiba.

Ndeshi amelala. Pasi imepoa.
Nahesabu nauli ya kurudi Uru,
mashamba ishirini mengine,
na viatu bado havijakauka.