Kete Zisizolala

Nyendo, barazani kwetu, cherehani ikiwa imefunikwa,
baba yangu Lwasampijja alizoa kete tisa
na hazikulala.

Anayejua mweso hahitaji kuambiwa:
kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imelala.
Ikiwakuta wenzake, unawazoa wote, unaendelea.
Baba aliendelea.
Akala kumi na moja za Nabukeera, muuza mukene,
naye akasema, "Kula tu, utavimbiwa,"
kisha ule mkono ukazunguka
na kuzunguka,
tak, tak, tak,
mpaka mteja aliyefuata gauni akasahau gauni.

"Ikizidi, inafutwa," alisema Ssebugwawo, mwamuzi wetu.
Ikizidi nini?
"Chai ikipoa."
Chai ilipoa. Nabukeera akadai haki yake.
Baba, jasho puani: "Bado kidogo. Shimo lijalo."
Na nani angembishia? Shimo lijalo
halijawahi kusema uongo, kwa kuwa halijasema.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na daftari la hesabu.
Nikamwomba apunguze mwendo.
Kila alipozoa nilichora mashimo yote,
idadi ndani ya kila moja,
na msalaba mdogo pale mkono ulipo.
Ukurasa wa tatu, baada ya ule mlo.
Wa nne. Wa kumi. Kalamu ya risasi ikabaki urefu wa kidole.
Wa arobaini na mmoja, nikasimama:
ulikuwa ule wa tatu, kete kwa kete, msalaba kwa msalaba.
"Baba, acha. Hapa ulishapita.
Na njia ya kutoka hapa ni moja."

Ssebugwawo aliinywa ile chai baridi, yote.
Zamu ikafutwa, safari hii si kwa chai.
Baba akashindwa mchezo, akaninunulia rolex ya mayai mawili.

Ningeishia hapo. Lakini usiku, ndani ya neti,
nililirefusha bao kichwani: mashimo hadi Mbarara,
hadi mpakani, hadi pasipo na mpaka,
kila mara shimo jipya mbele ya mkono.
Huko kurasa zaweza zisifanane kamwe
na kete bado zisilale.
Huko nitamjibu nini anayesema, "Shimo lijalo"?
Ningoje hadi lini niitwe mwenye subira,
na kuanzia lini niitwe mjinga?

Baadaye nilisoma, nikafundisha, nikakuta jibu la wakubwa:
hakuna kanuni moja itakayoamua kila bao la namna hiyo.
Wamethibitisha. Nimeufuata uthibitisho mstari kwa mstari,
nakubali, na bado silali vizuri.

Daftari ninalo. Lina doa la mafuta ya cherehani
ukurasa wa ishirini na saba,
pale nilipokosea nikaandika sita,
na baba, bila kuinua macho,
akasema, "Saba."