Harufu ya Siki

Hakuna aliyesema umoja ni nguvu.
Kilichosemwa ni bili ya umeme,
na paa lililoanza kudondosha maji
juu ya masanduku ya miaka ya thelathini,
na ile harufu kali ya siki
iliyotupokea kila tulipofungua kabati la filamu.
Filamu ikifa hunuka achari.
Heldur alinusa, akafunga mlango, akasema:
"Haya. Waiteni wale."

Wale: chama cha wafumaji na wasimulizi,
ng'ambo ya barabara, hatua sitini na mbili
(nimezihesabu nikibeba masanduku),
ambao chama chetu cha bandari na meli
hakijawasalimu tangu mwaka ule
walipoazima nanga yetu kwa maonyesho ya sufu
wakairudisha imepakwa rangi ya buluu.

Hiiumaa ni kisiwa kidogo, majira yake ya baridi marefu,
na kinyongo, kama samaki, hukaa sana penye barafu.

"Ndoa ya mkeka," alinong'ona Vaike
akitia sahihi kwa kalamu aliyokuja nayo,
maana ya kwetu hakuiamini.
Wiki tatu tuligombania jina.
Wiki tano tuligombania namba:
wao hutanguliza herufi, sisi mwaka,
na mashine tuliyochangiana kuinunua
haijui nani alimkosea nani,
inataka tu kisanduku kijazwe.

Mimi ni Triin, mwajiriwa pekee,
nusu mshahara huku, nusu kule,
mkono mmoja glavu nyeupe, mwingine kipanya.
Nimepitisha kwenye mwanga orodha za shehena za chumvi,
ruwaza za glavu za maharusi,
barua ya mtu aliyepakiwa kwenye treni kwenda mashariki,
akiuliza kama ng'ombe amezaa.
Kila karatasi sekunde arobaini.
Kisha nakala tatu: moja hapa Kärdla, moja Tallinn,
ya tatu sitasema iliko.

Katika droo yetu, picha 1931/88:
mwanamke gatini, hajulikani,
mkono wa kushoto una vidole vinne.
Katika rafu yao, utepe K-17.
Niliuweka Alhamisi moja, theluji ikigonga dirisha.
Ulikwaruza kama kuku jalalani,
kisha sauti ya kizee ikaanza kuhesabu mishono,
mbili juu, moja chini, mbili juu,
ikasita, ikacheka:
"Ningemaliza mapema, ila kidole changu
kililiwa na kamba ya meli
siku tuliyomsindikiza Juhan."

Sikupiga kelele.
Nilisimamisha utepe, nikavuka barabara bila koti.

Wakaja wote wawili, wakasimama mbele ya skrini
bega kwa bega, kwa kuwa chumba ni finyu.
"Leena," alisema Vaike. "Shangazi wa mama yangu.
Utepe huo niliurekodi mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na tisa."
"Wenye vidole vinne walikuwa wengi," alisema Heldur.
"Unazijua kamba za bandari?"
"Nakijua kidevu cha ukoo wangu."
Walibishana mpaka chai ikapoa,
nikachemsha nyingine, nayo ikapoa.

Hatuna ushahidi. Uso haujafungua mdomo,
sauti haina pa kugeuza macho.
Kwenye kisanduku cha jina niliandika Leena,
nikaweka alama ya kuuliza,
na alama hiyo, kitu cha kwanza,
pande zote mbili ziliikubali bila kikao.

Jioni nilimkuta Heldur uani,
chupa ya mafuta ya kutolea rangi mkononi,
amechutama kando ya nanga.
Vaike alikuwa anafunga kitambaa chake aende zake.
Akasimama, akaitazama ile buluu iliyobabuka.
"Iache," alisema.
"Rangi hiyo ni ya mwaka themanini na nne.
Triin, ipe namba."