Wageni wa Kawaida

Jumatatu saa tatu, ukumbini pamejaa,
Wamesongamana watu, na feni imekataa,
Hoja moja, Tanga kwetu: Kadi kufa au kukaa,
Nafungua buku jipya, karani ninaandika.

Kila nyumba yenye paa, ilipie ofisini,
Hata homa ikipaa, bila kadi u langoni,
Na mgambo wametwaa hata kuku vibandani.
Halimo kwenye ajenda, karani ninaandika.

Wa Pongwe na wa Maweni: chokaa, jasho, watoto,
Nesi wa zamu Bomboni, hajalala, kope nzito,
Na fundi wa Ngamiani, kaacha pasi i moto.
“Wageni wa kawaida,” karani ninaandika.

Semkiwa kasimama, shati lote limelowa:
“Hii ni kodi ya homa, mgonjwa anavuliwa!
Tuifute sote wima, chai haijagawiwa!”
Makofi, meza zalia, karani ninaandika.

Kainuka Bi Chamosi, hakuipaza sauti:
“Lile jokofu la nesi, la chanjo, lina risiti,
Na dizeli si rahisi, haitoki kwenye hati.”
Kimya. Kiti chakohoa. Karani ninaandika.

Nusu saa ikaliwa na koma, ibara sita,
Neno “ada” latetewa, neno “tozo” likapita,
Mtoto nje katolewa, kikohozi chamkata.
Ibara ya sita, koma, karani ninaandika.

Nilikuwapo zamani, mwaka ilipopitishwa,
Buku liko kabatini, wote wameorodheshwa,
Semkiwa yumo ndani, tena hakulazimishwa.
Hajaniuliza mtu, karani ninaandika.

Huko nyuma, kwenye viti, kanyanyuka Mwanabule,
Ruhusa hana ya Kiti, kashika kadi ya kale:
“Nililipa, nikaketi, dawa haikuwa kule.”
Mlinzi anamjia, karani ninaandika.

“Ifuteni, iacheni; kwangu hayo ni mamoja.
Lakini niambieni, mliopitisha hoja,
Yule wangu kaburini, nani kamwambia ‘ngoja’?”
Peni yangu yanikwama. Karani sijaandika.

Zikapigwa kura zote: kumi huku, huku kumi.
Kiti kikameza mate: “Tusubiri wa uchumi.
Na yule mama, mfute, si mjumbe, ni uvumi.”
Chai yaja, na sambusa, karani ninaandika.

Wote wamekwenda zao, viti vyabaki na jasho,
Bado ni sheria yao, ya jana, leo na kesho.
Natazama buku lao: nafasi ipo ya mwisho.
Jina lake: Mwanabule. Karani ninaandika.