Nyuma Kumi na Nane

Malkhazi alikuja Machi, mvua ikimnyeshea upara,
akafungua buti la lile gari lake la Kijerumani
kama mtu anayeonyesha bidhaa ya wizi.
Rimu mbili za inchi kumi na saba.
Mbili za kumi na nane, pana, zenye tumbo la ndani.
"Ndogo mbele," akasema, "kubwa nyuma.
Na usinihubirie, Lamara."

Nikamhubiria.

Hapa Rustavi, nyuma ya kiwanda cha chuma,
nimefunga na kufungua matairi tangu mwanangu yuko tumboni,
na sasa mwanangu ana ndevu.
Nikamwambia: magari ya wenzako, kila kilomita elfu kumi,
nayahamisha miguu. Ya mbele yanakwenda nyuma,
ya nyuma yanakuja mbele kupumzika,
kama ndugu wanaopokezana zamu ya kuosha vyombo.
Lako halitapokezana.
Kila tairi litazeekea pale lilipofungwa,
na ya nyuma yatatangulia kwisha,
maana gari hili husukumwa, halivutwi.
Na la akiba je? Utabeba la mbele au la nyuma?
Pancha haiulizi.

Akaacha maji yamtiririke shingoni.
"Miaka thelathini na mmoja pale tanuruni," akasema,
"mimi nasukuma mkokoteni,
mbele yangu yuko mtu ameshika karatasi.
Hakuna siku alikuja fundi mkuu na jeki
akaninyanyua, akanihamishia mbele.
Basi wanaosukuma, mara hii, wavae viatu vikubwa.
Hata vidole havilingani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na spana.

Chuma kikubwa, mpira mwembamba;
chuma kidogo, mpira mnene:
watu huiita siri, nami naiita futi kamba.
Niliviringisha kila gurudumu sakafuni, mzunguko mmoja kamili,
chaki lilipoanzia, chaki lilipokomea.
La mbele: mita moja na sentimita tisini na tisa.
La nyuma: mita mbili kasoro unywele.
Hayafanani hata kidogo,
na yanafika pamoja.
Kisha nikayapima mizani, moja moja,
risasi ya gramu kumi hapa, ya tano pale,
mpaka mtikisiko ukanyamaza.
Tulipoteremsha jeki, gari likakalia makalio mapana,
na Malkhazi akalizunguka mara tatu
bila kuligusa.

Oktoba simu ikalia. Yuko mlima wa Gombori,
ukungu umemeza barabara,
tairi la nyuma, kulia, limekula msumari.
La akiba ni la mbele.
Kimya. Nilisikia kengele za kondoo upande wake wa simu.
"Sema," akaniambia. "Sema ulichokuwa unataka kusema."

Nilikuwa nimekitunza miezi saba, kimeiva.
Nikasema: "Funga hilohilo. Usipite arobaini.
Kona uziombe, usiziamuru.
Taa ya karakana nitaiacha inawaka."

Alifika saa tatu usiku, gari likichechemea
kama mtu aliyepoteza kisigino cha kiatu kimoja.
Tukayamulika kwa tochi, mimi na yeye tumechuchumaa:
ya mbele bado yana vinyweleo vya kiwandani ubavuni,
ya nyuma yamenyoka, yanang'aa
sawasawa na kichwa chake.
Kilomita elfu kumi na nane, yakisukuma.
Nikadhani sasa ataniuliza bei ya rimu nne sawa.
Akatoa lari zake, akazihesabu
kwa kidole gumba chenye kovu la moto.
"Mawili," akasema. "Ya nyuma."

Yale makuukuu hakuniachia.
Nilimwambia nitayatupa, kila mtu huniachia.
Aliyabeba mwenyewe, akapakata moja kwanza kama anapima uzito wa mtoto,
akayalaza yote mawili kiti cha mbele, cha abiria,
akavuta mkanda,
akayafunga.